Mbio za Raskazone huanzia kibarazani

Wiki mbili baada ya Idi ndogo, pita barabara ya Raskazone hapa Tanga alfajiri utawakuta watu ambao mwezi wa mfungo hukuwaona. Raba bado nyeupe, trakisuti ingali na mikunjo ya dukani, na mwendo wenyewe ni mbio hasa. Mmoja ametishwa na kipimo cha presha, mwingine kanzu ya sikukuu imembana kwapani, mwingine amevutwa na rafiki. Nawapenda watu hawa, maana nami nilikuwa mmoja wao. Nilianza kwa kishindo, nikaacha siku ya 11 kwa maumivu ya goti, na ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba goti lilikuwa la mwisho tu katika mlolongo mrefu wa makosa.

Ikifika wiki ya tano barabara hurudi kwa wenyewe: wavuvi, wanafunzi, na wazee wachache waliotoka msikitini, wanaotembea taratibu, mikono nyuma, tasbihi kidoleni, mpaka karibu na ufuo na kurudi. Hawana raba mpya. Hawakosekani kaskazi wala kusi. Nimejiuliza sana wana nini ambacho sisi hatuna. Siku moja nilimwamkia mmoja wao, "Shikamoo mzee," tukaenda pamoja hatua chache, nikamuuliza anawezaje kila siku. Aliniangalia kama mtu asiyelielewa swali. "Mwanangu, nikishasali isha, nikala, mimi nalala. Sasa nikiamka nifanye nini kitandani?"

Jibu hilo limebeba karibu kila kitu ninachotaka kusema. Mtu wa Tanga anayeanza mazoezi mara nyingi huanza na lililo la mwisho. Hununua raba, hujiunga na klabu ya jogingi, hulipia jimu, huacha wali kwa siku moja. Saa ya kulala inabaki ileile. Chai inabaki ileile. Safari ya kwenda dukani hatua 200 bado ni ya bodaboda. Halafu mwili ukigoma, mwenyewe hujiita mvivu. Naamini si mvivu. Ameezeka makuti kabla ya kusimamisha nguzo.

Tuhesabu usiku mmoja wa kawaida. Rafiki yangu fundi cherehani, duka lake liko Ngamiani, alikuwa akifunga saa 2 usiku. Akioga na kula, saa 3:30 yuko kibarazani: kahawa chungu, kashata, mpira wa Ulaya kwenye simu ya mmoja, bao linaendelea pembeni. Akirudi ndani ni saa 5, akishika simu mpaka 5:30. Adhana ya alfajiri humkuta karibu na saa 11. Hiyo ni saa 5 na nusu za usingizi, kama hakuna mbu wala joto, na huo ndio usingizi aliotaka kwenda nao Raskazone kukimbia.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti mdogo ambao ningependa kila kocha wa jogingi aujue. Waliwachukua watu 10 wenye uzito uliozidi, wakawapa chakula cha kupunguza uzito kwa wiki 2, mara moja wakiruhusiwa saa 8 na nusu kitandani, mara nyingine saa 5 na nusu. Mizani ilisema karibu jambo lilelile mara zote mbili: kilo zilipungua. Kilichotofautiana ni kilichopungua. Walipolala kidogo, mafuta yaliyotoka mwilini yalishuka kwa asilimia 55, na mahali pake ikaondoka misuli na nyama ya mwili. Walikula chakula kilekile na kujinyima kulekule, lakini usingizi ulipokatwa mwili ulishikilia kitambi ukatoa nguvu. Watu 10 ni wachache, nakubali, ila matokeo hayo hayasimami peke yake. Mwaka 2004 wenzao wa chuo hichohicho walikuwa wamewalaza vijana 12 wa kiume saa 4 tu kwa usiku mbili. Homoni inayoamsha njaa ilipanda, ile inayouambia ubongo kwamba tumbo limetosheka ikashuka, na vijana wakatamani zaidi vitu vitamu, vya wanga na vya chumvi.

Sasa rudi kwa fundi wangu. Asubuhi baada ya mbio alikuwa akipita kwa mama muuza vitumbua na kununua sita. Kila mara alijilaumu. Mimi namuona mtu ambaye damu yake ilikuwa imeshaamriwa kununua vitumbua tangu saa 5:30 usiku.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2015 kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi. Kwa anayeamka kusali alfajiri, maana yake ni kuwa kitandani kufika saa 4 usiku. Si jambo dogo katika mji huu. Kibaraza ni bunge letu. Hapo ndipo mtu hupata habari ya msiba, hukopeshwa nauli, huozeshwa mtoto. Siwezi kumwambia mtu akiache, na anayesema hivyo haijui pwani. Ninachosema ni kwamba kikao kinaweza kusogezwa baada ya magharibi, na kahawa inaweza kunywewa alasiri. Kafeini ya kahawa, kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake bado iko kwenye damu saa 5 hivi baada ya kunywa. Kikombe cha saa 4 usiku kinakuwa bado kazini saa 9. Wapo wanaosema "mimi kahawa hainizuii kulala." Huenda wanalala kweli. Usingizi mzito ndio unaopungua, na mwenye kulala hawezi kujishuhudia.

Hapa lazima nisimame kwa ajili ya huyo mama wa vitumbua. Yeye huamka saa 9 usiku kupepeta moto na kuchoma, na hulala baada ya watoto kulala. Kumwambia alale saa 7 mfululizo ni kumtukana. Hali kadhalika mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu, mvuvi wa ngalawa, kijana anayelala chumba kimoja na wadogo zake wanne bila feni mwezi wa pili. Kwao nguzo ya kwanza inatafutwa kwingine: kulala adhuhuri, kailula kama masheikh wanavyotufundisha, hata dakika 30, chandarua kisicho na tundu, na familia kukubali kwamba mama akijinyoosha mchana hajawa mzembe. Hili la mwisho ni gumu kuliko chandarua. Nyumba nyingi hapa mwanaume akilala mchana amechoka, mwanamke akilala mchana ana maradhi au ana uvivu. Kama tunataka wake zetu na mama zetu wawe na afya, tuanze kwa kunyamaza wanapolala.

Nguzo ya pili ni miguu. Nayo tumeibomoa wenyewe.

Tanga ulikuwa mji wa baiskeli. Barabara zetu za tambarare, zilizonyooka na kupewa namba pale Ngamiani, ziliwabeba watu wa kila namna: mwalimu, karani, muuza samaki mwenye tenga nyuma, binti na kanga yake. Bado baiskeli zipo kuliko miji mingi ya nchi hii, lakini kila mwaka bodaboda inachukua safari moja zaidi. Wazee wetu hawakuwa na neno la kujitenga liitwalo mazoezi, ukiacha mpira wa Mkwakwani na mchakamchaka wa shuleni. Mwili ulifanya kazi yake njiani kwenda kwenye shughuli. Sisi tumeondoa mwendo kwenye shughuli, kisha tunajaribu kuurudisha kwa saa moja ya alfajiri.

Uingereza walilijua hili mapema. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva na makonda walikuwa watu wa tabaka moja, ajira moja, mji mmoja. Dereva alikaa kitini kutwa, konda alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Makonda walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na yalipowapata hayakuwa makali kiasi kile. Hakuna konda aliyekwenda jimu. Nikipanda daladala ya Mabanda ya Papa na kumuona konda akining'inia mlangoni, dereva akiwa na tumbo kwenye usukani, huwa nawakumbuka wale wa London.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu ya hizo akifanya ya nguvu, pamoja na siku 2 za kazi ya misuli. Wengi wakisikia 150 wanaona mlima. Zigawe: dakika 22 kwa siku. Kutoka Makorora kwenda kazini Ngamiani kwa miguu, kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kidogo, na kurudi jioni, umezimaliza bila kuvaa bukta. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuzungumza ila huwezi kuimba. Zile hatua 10,000 ambazo simu hutudai kila jioni hazikutoka hospitali. Zilianza Japani miaka ya 1960 kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa sokoni. Mwaka 2019 utafiti wa wanawake wazee Marekani ulionyesha kwamba waliofikisha hatua 4,400 hivi kwa siku tayari walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida ikatulia kwenye kama 7,500. Nasema hili kwa ajili ya bibi na shangazi zetu ambao huona kwamba kama huwezi kukimbia basi afadhali ukae.

Na goti langu? Moyo na misuli huzoea kazi mpya haraka, ndani ya wiki chache mtu anajisikia simba. Kano na viungo huzoea polepole zaidi, kwa miezi. Katikati ya hayo mawili ndipo wanaoanza huumia: pumzi inaruhusu, goti halijawa tayari. Mimi nilikuwa nalala vibaya, nimekaa kitini miaka, nikaamua kwenda mbio mpaka Raskazone na kurudi siku ya kwanza. Mtu aliyetembea miezi miwili kabla hayo hayamkuti kwa urahisi.

Kuna jambo moja la hatari la kuliweka wazi. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kwamba karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi hawakuwa wanajua. Kabla ya kukimbia, pima presha na sukari. Kutembea unaweza kuanza leo. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu au pumzi kukata kusiko kwa kawaida, acha na uende hospitali, usingoje wiki iishe.

Chakula nitakipitia haraka kwa sababu tunakisema mno, na tunakisema vibaya. Anayeanza huambiwa aache: acha chapati, acha wali wa nazi, acha mahamri. Siku ya tatu kuna shughuli ya jirani, sinia linakuja mbele ya watu sita, na nadhiri inavunjika mbele ya mashahidi. Ningemwambia aanze na kikombe. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Vikombe 4 kwa siku, vijiko 3 kila kimoja, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isipite kama gramu 50 kwa siku kwa mtu wa mahitaji ya kawaida, na bora ibaki chini ya 25. Yaani chai peke yake imekula karibu fungu lote kabla ya soda, kashata na juisi. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi hautalalamika sana. Chumvi nayo kikomo chake ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai kwa kila ulichokula kutwa, na sisi wapenda papa mkavu na ng'onda tunakipita bila kujua.

Kwingine tumebarikiwa kuliko tunavyokumbuka. Soko la Mgandini lina mchicha, matembele, kisamvu, mchunga. Milima ya Lushoto inatuletea kabichi na karoti. Machungwa ya Muheza yakiingia msimu yanauzwa kwa mafungu. Dagaa, kunde, mbaazi, maziwa, changu: mwili unaojenga misuli hauhitaji unga wa kopo unaouzwa kwa bei ya karo ya shule. Kwa hasira kidogo nasema kwamba biashara hiyo ya makopo na chai za kukausha tumbo inawala zaidi wale wasio na uwezo, wanaoamini kwamba afya ni kitu cha kununua.

Na maji. Hewa ya pwani imejaa unyevu, jasho linatoka lakini halikauki mwilini, kwa hiyo halipozi kama inavyotakiwa. Kukimbia saa 3 asubuhi mwezi wa kaskazi ni kujiadhibu. Kunywa kabla ya kiu, hata kama ni bilauri mbili tu kabla ya kutoka.

Narudi kwenye lililo zito zaidi, nalo ni namna mazoea yanavyoingia. Watafiti wa chuo cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijizoesha jambo moja dogo la kula, kunywa au mazoezi baada ya tukio maalumu la siku. Ilichukua wastani wa siku 66 jambo kuja lenyewe bila kulifikiria. Wengine 18 tu, wengine walikadiriwa kufika 254. Mambo mepesi, kama bilauri ya maji, yaliingia upesi kuliko mazoezi ya viungo. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hili la mwisho ningelibandika ukutani kwa kila aliyewahi kukosa Jumatano akaona wiki imekwisha.

Lakini sisi tunao mfano mkubwa kuliko wa London, na huwa hatuusomi. Kila mwaka, usiku mmoja wa kuandama mwezi, mji huu wote hubadilisha saa ya kula, saa ya kulala, saa ya kufungua duka. Mvuta sigara anaacha mchana kutwa. Mtoto wa miaka 10 anaamka daku. Hakuna anayesema hana utashi. Imani ndiyo mzizi, hilo halina mjadala, ila angalia pia shina: nyumba nzima inafanya, mtaa unafanya, muuza uji anajua saa yake, jirani anagonga dirisha. Mtu hayuko peke yake na kengele ya simu. Mwezi ukiisha mazingira yanarudi, na mazoea yanarudi nayo, ndani ya siku tatu. Ndiyo sababu yule wa raba nyeupe anaanguka wiki ya tano. Amebadilika yeye, nyumba haijabadilika. Chakula cha usiku bado kinaiva saa 4.

Kwa sababu hiyo, ile hatua ya Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini, naiheshimu kwa kuwa iliwatoa viongozi maofisini mbele za watu. Ila siku 12 kwa mwaka ni sherehe. Nguvu hiyohiyo ningeiomba ielekezwe kwenye taa za barabara, ili mwanamke aweze kutembea saa 12 kasoro bila hofu, na kwenye njia za waenda kwa miguu zisizogeuzwa maegesho ya bodaboda.

Nimeambiwa na kocha mmoja, kijana ninayemheshimu, kwamba nawapoza watu. "Kaka, mtu anakuja ana moto. Ukimwambia akalale kwanza, harudi." Ana haki yake. Kishindo kina raha, nyimbo za mchakamchaka zinaunganisha watu, na wapo walioanza na mbio, mbio zikawafundisha kulala. Simzuii mwenye moto huo. Nimewahesabu tu katika barabara ileile, na wanaobaki ni wachache mno kuliko wanaoanza. Nilimwomba kocha ajaribu jambo moja: mgeni akija mara ya kwanza, kabla ya kumuuliza ana uzito gani, amuulize jana alilala saa ngapi. Akisema saa 6, atembee na wazee wiki ile.

Fundi wangu hajakimbia tena. Anafunga duka saa 1 na nusu, anakunywa kahawa yake alasiri akiwa cherehani, na kibarazani anakaa mpaka wito wa isha. Vijiko vya sukari vimebaki kimoja na nusu. Anakwenda na kurudi kazini kwa miguu, hata mvua za masika, na mwavuli wa mkewe wenye maua. Kitambi bado kipo, kimelegea kidogo. Juzi alinikuta njiani akanipita, akageuka.

"Mgosi, mwezi ujao nataka nijaribu kule kwenye mbio zenu."

Nilimwambia goti lake alisikilize. Akasema goti halina shida, anachowaza ni kwamba watu hao huanza saa 11 na nusu, na yeye saa hiyo anakuwa ameshaamka muda.